Ukuta wa Bahari na Nyumba Zilizo Nyuma Yake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri iliniagiza nitayarishe maneno machache yasomwe baada ya hesabu ya mwaka na kabla ya kura juu ya shauri la saba. Shauri hilo, kama mlivyoliona katika karatasi za mkutano, lataka chama kianzishe mfuko wa pekee kwa ajili ya wanachama watakaopatwa na maafa ya makao, yaani mafuriko, tufani, moto, au nyumba kuporomoka. Baadhi ya wazee wameuliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini tuongeze mzigo wa michango ilhali tunao mfuko wa mazishi na mfuko wa wagonjwa. Badala ya kujibu kwa maneno matupu, naomba idhini nisimulie habari ya mji mmoja ulio mbali nasi, ambao bahari ilivunja njia yake ya reli na kuwatoa watu majumbani mwao usiku. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mimi najua kwamba katika ukumbi huu wengi ni watu wa reli na wa bandari, au ni watoto na wajukuu wao. Wako waliozaliwa katika landhi, na wako ambao baba zao walibeba mataruma mabegani. Kwa hiyo habari ya reli na nyumba zilizo kando yake si habari ngeni masikioni mwetu.

Mji huo unaitwa Dawlish, nao uko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Reli ya mji huo ilijengwa kwa shauri la mhandisi Isambard Kingdom Brunel, na gari la moshi lilianza kupita hapo mwaka 1846, yaani miaka 50 kabla ya kazi ya reli yetu kuanza hapa Mombasa mwaka 1896. Bara ya nchi ile ina vilima na mabonde. Brunel aliipitisha njia yake ufukweni kabisa, chini ya majabali mekundu, mahali palipo tambarare. Palipokuwa na jabali lililoingia baharini alitoboa. Hata leo, kati ya Dawlish na mji wa jirani wa Teignmouth, gari hupita katika mashimo matano. Palipokuwa na ufuko mtupu alijenga ukuta wa mawe, akajaza udongo na kifusi nyuma yake, na juu ya kifusi hicho akalaza reli. Nyuma ya reli, kwa miaka iliyofuata, watu wakajenga nyumba zao wakitazama bahari.

Basi fahamuni mpangilio wake vema, maana ndani yake ndimo mlimo fundisho lote. Kwanza bahari, kisha ukuta, kisha reli, kisha barabara ndogo, kisha nyumba za watu. Ukuta ulikuwa mali ya reli, ukajengwa kwa ajili ya reli. Walakini ulikuwa ndio ngao ya nyumba pia, ingawa wenye nyumba hawakuujenga wala hawakuwa na sauti juu yake.

Bahari haikuridhia tangu mwanzo. Mwaka 1855 ilivunja ukuta, ikarudia mwaka 1859, na tena mwaka 1872 na 1873. Kila mara mafundi waliziba, na gari likapita. Katika miaka ya 1930 wenye reli walikubali kwamba njia ile haina amani, wakafanya mpango wa kuchimba njia nyingine bara, mbali na mawimbi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 kazi hiyo ilisimama, na baada ya vita haikuendelezwa. Ilikuwako pia njia nyingine ya reli iliyozunguka kaskazini, kupitia mji wa Okehampton hadi Plymouth. Mwaka 1968 sehemu yake ya katikati ilifungwa. Tangu hapo miji yote ya kusini-magharibi, Plymouth na jimbo zima la Cornwall hadi Penzance mwisho wa reli, ikawa inategemea njia moja tu, nayo ndiyo ile iliyo chini ya jabali la Dawlish, hatua chache kutoka baharini.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Majira ya baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014 yalikuwa ya mvua nyingi kupita kiasi. Katika kumbukumbu za Uingereza na Wales zilizoanza mwaka 1766, hayakuwahi kuandikwa majira ya baridi yenye mvua kama hiyo. Tufani zilifuatana moja nyuma ya nyingine, na ukuta ulikuwa umekwisha kupigwa mara nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 2014 upepo mkali na maji kujaa vilikutana saa moja. Mawimbi hayakuishia ukutani. Yaliuruka, yakamwagika juu ya reli. Maji yaliyomwagika yakatafuta njia ya kurudi baharini, yakachukua kokoto na kifusi. Yakifyonza kutoka juu na kupiga kutoka mbele, ukuta ukakosa cha kuegemea, ukaanguka.

Kulipopambazuka watu waliona ajabu ya kuogofya. Kiasi cha mita 80 za ukuta hazikuwako. Udongo uliobeba reli ulikuwa umekwenda na maji, na reli zenyewe, pamoja na mataruma yake, zilikuwa zikining'inia hewani juu ya mawimbi kama kamba ya kuanikia nguo. Stesheni ya mji nayo iliharibiwa. Barabara ndogo iitwayo Riviera Terrace, iliyokuwa kati ya reli na nyumba, ilimong'onyoka, na nyumba zilizokuwa na barabara, reli na ukuta mbele yao zikabaki ukingoni mwa shimo, hazina kitu kati yao na bahari.

Wakazi walitolewa usiku ule ule. Hebu kila mmoja wetu apime moyoni mwake maana ya neno hilo. Mtu amelala kwake; anagongewa mlango gizani, anaambiwa aondoke mara moja. Anachukua nini? Anamchukua mtoto, au mzee asiyeweza kutembea, na labda dawa na karatasi chache. Anakwenda wapi? Katika mji ule walikuwako watu wa kuwapokea na mahali pa kuwahifadhi, kwa hiyo watu wa nyumba zile walinusurika. Hilo halikutokea kwa bahati.

Baada ya hayo ikaanza kazi ya kutengeneza. Ilifanywa na watu 300 wa kampuni ya reli iitwayo Network Rail, wakipokezana zamu mchana na usiku. Kwanza walitaka kuzuia bahari isizidi kula nchi. Walichukua makontena, yale yale ya chuma tunayoyaona kila siku bandarini hapa, wakayapanga ufukweni mbele ya shimo, wakayajaza mawe, wakayaunganisha kwa moto, yakawa kama boma la kuvunja nguvu ya mawimbi. Udongo ulioachwa wazi chini ya nyumba waliunyunyizia saruji ili usiendelee kuporomoka. Tarehe 14 Februari tufani nyingine ilikuja ikaongeza uharibifu. Tarehe 4 Machi, upande wa Teignmouth, ikagundulika kwamba jabali lililo juu ya reli limelowa na linateremka, maelfu ya tani za udongo. Mafundi hawakungoja lianguke lenyewe. Walilipiga kwa maji yenye nguvu kutoka mipirani, wakaliteremsha kidogo kidogo, kisha wakauzoa udongo wake.

Tarehe 4 Aprili 2014 gari la kwanza la abiria lilipita tena, na Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alifika Dawlish siku hiyo. Muda wote wa miezi miwili abiria walikuwa wakishushwa na kupakiwa katika mabasi. Matengenezo yaligharimu kiasi cha pauni milioni 35. Watu wa mji waliwashukuru sana wafanyakazi wale, wakawapa jina la jeshi la rangi ya chungwa kwa sababu ya mavazi yao ya kazi. Nasi tulio wa ukoo wa watu wa reli yatupasa kufurahi kila kazi ya mikono inapopewa heshima yake.

Habari haikuishia hapo. Ilionekana kwamba kuziba pengo si kutosha, kwa kuwa ukuta wenyewe ulikuwa mfupi kwa bahari ya siku hizi. Ukajengwa ukuta mpya kwa sehemu mbili. Ya kwanza, yenye urefu wa mita 360, ilikamilika mwaka 2020. Ya pili, yenye mita 415, ilikamilika mwaka 2023. Ukuta huo umepandishwa zaidi ya mita 2 juu ya ule wa kale, na kilele chake kimepindwa kuelekea baharini, ili wimbi linapopanda lirudishwe lilikotoka. Juu yake pana njia pana ya watu kutembea. Hivyo ukuta uliojengwa kwa ajili ya reli sasa umejengwa kwa kuwafikiria pia watu wa mji.

Bwana Mwenyekiti, mtu ataniuliza: sisi na Dawlish tuna ujamaa gani? Nitajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni hatari ya kutegemea njia moja. Sisi tukaao kisiwani twaijua. Bamvua likijaa, au ajali ikitokea Makupa, au kivuko cha Likoni kikisimama, twaona jinsi mji mzima unavyosongwa. Wazee mnakumbuka hali ya Nyali kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Katika maisha ya mtu mmoja njia moja ni mshahara wake. Mwanachama mwenye kibarua tu, bila akiba wala shamba, siku nyumba yake inapoanguka na kazi yake ikasimama kwa sababu njia imekatika, amepigwa kwa mikono miwili. Chama hakiwezi kumjengea reli nyingine, lakini chaweza kuwa njia yake ya pili.

La pili ni kwamba ngao ya mtu mmoja ni ngao ya wengi. Ukuta ulipoanguka Dawlish, aliyeumia hakuwa mtu wa Dawlish peke yake. Mfanyabiashara wa Penzance, aliye mbali sana na ambaye labda hakuwahi kushuka katika stesheni ile, alikatiwa reli siku ile ile. Nalisema hili kwa ajili ya ndugu zangu wanaouliza: mimi nakaa mahali palipoinuka, kwa nini nimchangie akaaye bondeni? Ndugu yangu, huyo akaaye bondeni ndiye anayekuja kukuzika na kukutolea ada kila mwezi. Siku atakapopoteza kila kitu ataacha kulipa ada, na watoto wake wataondoka shuleni. Wakifika watano wa namna yake, mfuko wa mazishi ambao wewe waona u salama utakuwa umekwisha kutoboka chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu ni kwamba maji hayapambanui nchi tajiri na nchi maskini. Mkumbuke mwaka 1961, mvua zilipoitenga miji yetu kwa kuharibu barabara. Mkumbuke pia mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Na la karibu zaidi, mvua za masika za mwaka 2024, zilizoua zaidi ya watu 200 katika nchi yetu. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo kimbunga kilichoitwa Hidaya kilisogea hadi pwani ya Tanzania, jirani zetu, na wavuvi wa pwani yetu wakaonywa wasitoke.

Katika masika hayo kulitokea jambo ambalo sisi watu wa reli hatuna ruhusa ya kulisahau. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu katika Bonde la Ufa, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji ipitayo chini ya reli ilikuwa imezibwa na miti, mawe na udongo. Maji yaliposhinda kizuizi yalitoka kwa nguvu moja, yakafagia nyumba za watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Huko Dawlish reli na nyumba zilipigwa na bahari kutoka mbele. Huko Mai Mahiu maji yalitoka nyuma ya tuta la reli yenyewe. Sehemu zote mbili waliolala kando ya njia ndio walioamshwa na maji, na tofauti ya walionusurika na waliokufa ni kama kulikuwako mtu wa kugonga mlango kabla maji hayajafika.

Kwa hiyo shauri lililo mbele yenu halihusu fedha tu. Lina sehemu tatu, nami nitazieleza kwa ufupi.

Sehemu ya kwanza ni mfuko wenyewe. Halmashauri yapendekeza kila mwanachama aongeze shilingi 50 kwa mwezi. Fedha hizo ziandikwe katika daftari yake, zisichanganywe na za mazishi, na zisitolewe ila kwa sahihi za watu watatu: Mwenyekiti, Mhazini, na mzee mmoja atakayechaguliwa na mkutano huu. Hesabu yake isomwe kila baada ya miezi mitatu. Mwanachama aliyepoteza makao apewe msaada wa kwanza ndani ya siku mbili, kabla ya barua nyingi. Mtu aliyelowa hawezi kungoja kikao.

Sehemu ya pili ni daftari ya makao. Katika kila mtaa tulio na wanachama wateuliwe watu wawili, mwanamume na mwanamke, waandike nyumba zilizo bondeni, zilizo kando ya mifereji, na zilizo chini ya tuta la reli au la barabara. Waandike pia nani ndani yake ni mzee, mgonjwa, mjamzito, au mjane aliye peke yake, na ni jirani gani aliyekubali kumpokea usiku. Daftari hiyo haigharimu kitu, ila miguu na kalamu, nami kwa kazi yangu ya ukarani nitaitunza bila malipo.

Sehemu ya tatu ni macho. Kabla ya masika na kabla ya vuli watu hao wawili watembee, waangalie mifereji na kalvati za mtaa wao. Iliyoziba na tunayoweza kuizibua kwa majembe, tuizibue siku ya Jumamosi. Iliyo kubwa kuliko nguvu zetu, waniletee habari, nami nitaandika barua kwa wenye mamlaka, nakala ibaki katika faili, na jibu lisomwe mkutanoni. Kule Dawlish mpango wa njia ya bara ulikuwako tangu miaka ya 1930. Ulikuwa umechorwa, ukabaki kabatini. Maombi yetu yasikae kabatini.

Najua ziko sauti zitakazosema kwamba hii ni kazi ya Serikali. Ni kweli, kuta za bahari, madaraja na matuta ya reli ni kazi ya Serikali. Kwa ukuta ule wa Dawlish Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 80, na hakuna chama cha mtaani kiwezacho kufanya hivyo. Lakini kati ya saa maji yaingiapo na saa msaada wa Serikali ufikapo pana usiku mmoja, na pengine siku tatu au nne. Usiku huo na siku hizo ni za majirani. Wazee wetu walioanzisha chama hiki hawakungoja mtu awafundishe hayo. Walikuwa watu waliotoka makwao kutafuta kazi, wakaona mwenzao akifa mjini bila jamaa, wakasema: tuchange, asizikwe kama mgeni. Kilichoombwa leo ni moyo ule ule, ila tumfikie mwenzetu angali hai.

Haba na haba hujaza kibaba. Nawaomba wazee mtangulie kuinua mikono, nasi vijana tutafuata nyuma yenu. Nami, Bwana Mwenyekiti, nakurudishia kiti ili kura ipigwe.